Mlango wa Chumba cha Nta

Kazi yangu ni kukata. Kinyama kikitolewa mwilini mwa mgonjwa, hugandishwa ndani ya nta, nami nakikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navipandisha juu ya vioo ili daktari wa darubini avisome. Vipande hivyo hutoka vimeshikana kama utepe, mwepesi hata pumzi huupeperusha. Kwa hiyo chumbani kwangu hakuna feni, na mlangoni nimebandika karatasi: USIFUNGUE. Hata nyumbani mtu akiingia kwa kishindo napiga kelele, "Mlango!" Wifi yangu, mke wa kaka, hunicheka: "Wewe ukifa tutakuzika na bawaba."

Siku hiyo kinyama kilichokuwa mbele yangu kilikuwa chake.

Uvimbe ulianzia kwenye taya. Tulidhani ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukabaki, kisha ukashuka shingoni kwa haraka. Saratani ya tezi za limfu, walisema, ya aina adimu, nayo ina mbio. Dawa iliyozoeleka hushika seli kwa alama fulani iliyo juu yake, na seli za wifi hazikuwa nayo. Yakabaki mawili ya kutafuta: kama jeni inayoamrisha seli zigawanyike imevunjika, na kama ipo alama nyingine ya kushikwa na dawa.

"Jeni itatuambia ukali," daktari wa darubini aliniambia. "Alama itatuambia pa kupiga. Nataka vioo vitatu: kimoja cha jeni, viwili vya alama, maana kimoja kinaweza kudanganya. Lakini huyu ni ndugu yako. Mpe mwenzako akate."

Nilikataa. Mwenzangu ni mtu mwema, ila wembe wake una ulafi. Husawazisha nta mpaka nyama yenyewe inakwisha. Na hii ilikuwa imebaki kidogo kama ukucha. Kuchukua nyingine haikuwezekana, kwani uvimbe ulishaukumbatia mshipa mkubwa wa shingo. Niliuogopa mkono wake kuliko wangu, na wangu niliuogopa vya kutosha.

Nikaweka wembe mpya, nikazungusha mashine ya kukatia polepole. Kipande cha kwanza kikatoka, cha pili kikashikana nacho, kisha cha tatu. Cha nne kilikuwa nta tupu. Basi, hapakuwa na kingine. Nikauinua utepe kwa brashi, pumzi nimeibana, niuweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Mlango ukafunguliwa.

"Mdogo wangu, nimekuletea chakula," kaka alisema. "Kuna habari?"

Upepo wa korido uliingia naye. Utepe ukakatika. Vipande viwili viliangukia majini. Cha tatu kilinasa kwenye mkono wa koti langu, kikajikunja. Nilijaribu kukikunjua kwa ncha ya brashi, kikasagika.

"Toka, kaka. Nakuja."

"Nimekosea?"

"Hapana. Toka tu."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu, kwa adabu zote. Adabu baada ya hasara!

Majibu yalipokuja, daktari aliniita nitazame mwenyewe. Rangi mbili, nyekundu na kijani, zinazopaswa kukaa pamoja jeni ikiwa nzima, zilikuwa zimeachana katika kila seli niliyoiona. Alama ilikuwepo, lakini hafifu, kwenye seli chache za pembeni.

"Kioo cha pili cha alama kingenihakikishia," alisema.

"Hakipo."

Wodini, daktari wa saratani alitueleza kwamba wataanza na dawa ya alama ile pamoja na dawa kali za kuua saratani, ingawa hana uhakika kama itashika.

"Kwa nini tubahatishe?" kaka akauliza. "Kipimo kirudiwe."

"Kinyama kimekwisha."

"Kimekwishaje?"

Wote wakanigeukia. Nikamtazama kaka, macho mekundu, shati ndilo lile la juzi. Mtu anaweza kuishi akimchukia dada yake. Akijichukia mwenyewe kwa kifo cha mkewe, sijui.

"Mkono uliteleza," nikasema.

Hakufoka. Afadhali angefoka. "Miaka yote unakata nyama za watu," alisema, "ukaja kuteleza kwa mke wangu." Akatoka, na daktari akamfuata.

Wifi akanivuta kidole. Sauti yake ilipita kwa shida. "Siku zote ulitaka kunikata, wifi. Umepata nafasi, umeharibu?"

Nikacheka, machozi yakanitoka.

"Mkono wako hautelezi," akasema. "Nani alifungua mlango?"

Nikamvutia shuka begani.

"Kaka yako alikuletea chakula?"

Nilitazama sakafu. Vidole vyake vilikuwa baridi juu ya changu.

"Usimwambie," alisema. "Hata nikifa. Hasa nikifa."

Kitasa kikazunguka, na sote wawili tukatazama mlango.