Sekunde Sitini za Mzee Eustace

Saa tisa na nusu mchana chumba chetu cha intaneti, hapa Sumbawanga mjini, kilikuwa kimefurika. Watu wamekaa wawiliwawili kwenye kiti kimoja, na kila kompyuta inazungusha duara la kusubiri. Saa kumi kamili chuo cha uuguzi kinafunga maombi, na kampuni yetu ndiyo inayoyapokea. Hellena, binti kutoka kijiji cha Mollo, alikuwa ametuma fomu yake mara tatu. Mara tatu imepotea.

"Dada Rhoda, mwakani matokeo yangu ya mtihani hayapokelewi tena," akanisihi. "Ni leo tu."

"Ng'ombe wangu wanakunywa mtoni na kumaliza haraka kuliko hii seva yenu," akadakia mfugaji mmoja, Nyanda, kutoka mlangoni. Watu wakacheka kwa uchungu.

Mara kichwa cha Mzee Eustace, mwenye kampuni, kikachungulia kutoka ofisini. "Rhoda! Imezubaa tena. Zima, washa!"

Hiyo ndiyo dawa yake ya kila kitu. Na kila nikizima, wote waliokuwa wanasubiri hutupwa nje kama pumba. Safari hii sikugusa swichi. Nikafungua ukurasa unaoonyesha seva inashughulika na nini.

Seva yetu ina madirisha manane. Kila ombi, liwe fomu au ripoti, hushika dirisha moja mpaka liishe, mengine yanangoja nje. Nikasoma yote manane: ripoti kuu, Eustace. Ripoti kuu, Eustace. Mpaka chini! Mzee anataka kujua waombaji wamefika wangapi, wilaya kwa wilaya, akajisifie kwenye simu. Ikichelewa, anabonyeza tena. Kila kubonyeza, dirisha jingine limekwenda.

Hasira ilinipanda, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Seva ilikuwa na sheria: ombi likizidi sekunde sitini, likatwe. Chini yake, siku ya kwanza ya kazi, mimi kwa vidole vyangu niliandika: isipokuwa Mzee Eustace. Hakuniomba! Ni malezi tu. Kwetu mkubwa hakatizwi, basi nikaifundisha na mashine adabu.

Nikaufuta ule mstari. Halafu nikayakata maombi yake kwa mkono, moja baada ya jingine, yote manane.

Mlango wa ofisi ukagonga ukuta. "Nani kanikata?"

"Mimi, mzee."

"Bila hodi?"

"Wewe umeingia mara nane, hodi ulipiga wapi?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Nyanda akapiga mluzi. Mzee akaifuata swichi ukutani. Nikasimama mbele yake, mgongo wangu ukiwa umeifunika.

"Toka hapo, binti."

"Saa kumi ikipita nitatoka. Ukizima sasa, unamzima Hellena."

"Hellena ni nani?"

"Humjui, na umemtupa nje mara tatu!"

"Imeingia!" Hellena akapiga kelele. "Dada, imenipa namba!" Kompyuta ya jirani nayo ikajibu, na ya tatu. Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika nne.

Mzee Eustace alisubiri kelele zipungue. "Kesho usije kazini."

"Nakuja," nikamjibu. "Nakuja kuchukua barua yangu ya kufukuzwa. Na sababu uiandike mwenyewe, kwa mkono wako, nikaisome hapa mbele ya watu."