Mpira wa Shingo ya Mtungi

Nilipaka maji ya sabuni kwenye shingo ya mtungi, pale koki inapokaa, na vipovu vikatoka tena. Vilitoka kimoja kimoja, bila haraka na mtu. Nilivitazama mpaka machozi yakanilenga. Nilikuwa nimechoka, basi. Siku ya nne hiyo namuuguza mama peke yangu, namgeuza ubavu kila baada ya saa mbili usiku kucha, na kukipambazuka naja karakana, maana mitungi ya hewa ya wazamiaji haina fundi mwingine mjini.

Mwenye mtungi alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Kesho yake asubuhi alitakiwa azame bwawani, aingie kwenye bomba kubwa linaloleta maji mjini, atoe magogo yaliyoliziba. Mji ulikuwa na siku tatu mabomba makavu. Msimamizi wake alishapiga simu mara tano, na mtungi wake wa pili ulikuwa umepelekwa kupimwa.

"Dada, vipovu vitatu ndivyo vinakutoa jasho?" aliuliza. Alikuwa amekalia ndoo, anatafuna njiti ya kiberiti. "Mimi nikikohoa tu natoa hewa kuliko hiyo."

"Ndani ya bomba mpira wa shingo ukifyatuka utaibukia wapi?"

Alitema njiti. "Si umeshaubadilisha lakini?"

"Nimeubadilisha."

Na nilikuwa na hakika. Kazi hii naifanya vilevile alivyonifundisha baba: toa hewa yote, fungua koki itoke, ng'oa mpira wa zamani, ukate kwa wembe papo hapo, ndipo uvishe mpya. Mipira yenyewe ni vipete vyeusi vya kuzuia hewa isivuje shingoni, na vyote vinafanana. Baba alikuwa mkali sana kwenye hilo la wembe. Alisema mpira uliochakaa ukibaki mzima mezani, iko siku mtu ataurudisha.

Nikavizoa vipande viwili vya mpira niliokuwa nimeukata ili nivitupe, nianze upya kutafuta kosa. Kimoja kikaniteleza vidoleni. Nikakiokota, nikakisogeza dirishani kwenye mwanga. Kilikuwa laini, kinang'aa, hakina hata ufa. Mpira uliobanwa shingoni miaka miwili hauwi hivyo.

Nilikuwa nimeukata mpya, kisha nikauchukua wa zamani, nikaupaka grisi kwa uangalifu, nikaurudisha. Na ule mpya ulikuwa wa mwisho kabatini. Mingine ingefika baada ya siku mbili.

Nilimwambia. Akacheka, halafu akaona uso wangu.

"Basi huo wa zamani umenivumilia miaka miwili, utanivumilia na kesho," alisema. "Watu hawana maji, dada. Nisipoenda watasema nimeogopa."

"Waseme."

"Wewe husikii simu zao."

Sikuzisikia kweli. Nilichokuwa nakisikia ni mama, kila jioni, akiniuliza kitinda mimba wake yuko wapi, nami namjibu yuko kazini, atakuja. Nikaifungua koki. Hewa ikatoka kwa mluzi mkali, na mdogo wangu akasimama.

"Dada, usinifanyie hivyo."

Tulisubiri mpaka mluzi ukafa na kipimo kikalala kwenye sifuri. Nikaitoa koki yote shingoni, nikaung'oa ule mpira, nikaukata.

"Mpigie msimamizi wako," nilisema. "Mwambie fundi amekosea. Usiseme mtungi, sema fundi." Miaka ishirini na miwili hakuna mtungi uliowahi kurudishwa kwangu kwa kasoro, na niliona uchungu kuyatamka maneno hayo.

Akapiga.

"Kesho sizami, bosi. Mtungi haujawa tayari." Akasikiliza kwa muda mrefu, kichwa chini. "Hapana, fundi hana kosa. Mimi ndiye niliyemwachia kazi peke yake."

Alikata simu. Akautoa wembe mkononi mwangu, akaufunga kwenye karatasi yake, akauweka rafuni.

"Leo nitalala kwa mama mimi," alisema. "Nielekeze tu anavyogeuzwa."