Mistari ya Jacinter

Kule Namboboto, maiti ikiwa bado mochari, jembe haliingii shambani. Mwenye magugu atayaangalia tu yakimea. Ndivyo wazee walivyokuta, ndivyo walivyoacha, na Zilpa mwenyewe aliwahi kuwasema vibaya waliovunja mwiko huo, kabla haujabisha hodi kwake.

Ulipobisha ulimkuta na shamba jipya. Kishamba tu, nyuma ya jiko, kinateremka hadi karibu na kisima. Bintiye Jacinter ndiye aliyekivunja, pakiwa vichaka vitupu. Jacinter alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Wiki hii yuko kitandani analia mifupa, wiki ijayo ameinuka, anafanya kazi ya watu watatu kama aliyefukuzwa na mvua.

Majirani walimcheka wakashiba. "Jaci, nunua dawa upulizie, magugu yafe, tukae tunywe chai!" alipiga kelele Dalmas wa bodaboda.

"Na dawa ikiteremka kisimani, maji yake utayanywa wewe?" Jacinter akamjibu.

Lumbuku, ile nyasi yenye mizizi mirefu kama nyaya, hakuikatakata kwa jembe. Aliifuata kwa uma wa bustani, akaivuta nzima nzima, akaianika juu ya kichuguu mpaka ikakauka. Kisha akatengeneza matuta, na badala ya kupanda, akayamwagilia maji matupu vile vile. Hapo Beldina, jirani wa ng'ambo ya ua, mwanamke ambaye habari haijawahi kulala kwake bila kutembezwa, alikuja na kikombe chake mkononi kushuhudia.

"Mama Jaci, huyu mtoto wako anamwagilia nini? Hewa?"

"Namwagilia magugu, auntie," Jacinter akasema. "Yadhani msimu wao umefika, yatoke, niyakwangue. Nikija kupanda, hayana tena wa kutuma."

Beldina alicheka hadi chai ikamwagika. Lakini magugu yalitoka kweli, Jacinter akayakwangua juu juu bila kuchimba, akarudia tena, ndipo akapanda karoti. Karoti, jamani! Namboboto mtu akisema mboga anasema dodo, yaani mchicha, na saga, mrenda, managu. Karoti ilikuwa kitu cha kununua soko la Busia kwa ajili ya pilau ya harusi. Mche wake nani aliwahi kuuona?

Jacinter aliuona. Ulipotokea, mwembamba kama unywele, alimwita mama yake wakapiga magoti pamoja. "Usiache izibwe na magugu, mama. Karoti ikizibwa ingali changa, imekwisha."

Siku chache baadaye maumivu yalimshika kifuani. Alipelekwa hospitali Busia, na huko ndiko alikobaki, mochari.

Mvua nayo ikachagua siku hizo. Nyumba ilijaa watu, wa Funyula, wa Marachi, hadi wakwe kutoka upande wa Uganda, na Zilpa kila akipita jikoni aliona kwa dirisha kijani kikipanda juu ya mistari. Alimwendea shemeji yake, mzee Oyugi, chini ya turubai, kuomba ruhusa ya kupalilia.

"Si kwa jembe, mzee. Kwa vidole tu."

"Kwani vidole havilimi?" Oyugi alisema taratibu. "Udongo wa kwanza uwe wa kumfunika mtoto, Zilpa. Ukiutangulia, watu watasema nini?"

Zilpa alijua watakachosema. Angekisema yeye mwenyewe.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu ikabidi amrudishe mama yake mzazi Marachi, bibi mzee asiyeweza kusafiri peke yake, na huko akalala. Njia nzima ya kurudi alikuwa akikunja na kukunjua vidole, akijiambia leo, leo hii, hata kabla ya kuvua leso ya safari. Alipokaribia boma akasikia nyimbo.

Nyuma ya jiko walikuwa wanawake wa kijiji kizima, sketi zimefungwa magotini, tope hadi viwiko. Beldina alimkimbilia, mikono hewani.

"Mama Jaci, usilie kwanza, angalia! Tumefanya kama Jaci mwenyewe. Jembe halijagusa. Lumbuku tumevuta nzima, tukaanika kule kwa kichuguu. Nyasi kavu tumetandika katikati ya mistari. Hata dawa hatukuitaja!"

Shamba lilikuwa safi kama uso wa mtoto aliyeoshwa kupelekwa kanisani. Juu ya udongo ule mtupu yalisimama mafungu mazuri ya dodo na saga, yaliyojiotea yenyewe.

"Mboga yote tumekuachia," Beldina akaendelea, akihema. "Ila kuna kajani fulani, kama ka dania, kalijaa mistari yote. Kalitusumbua hako! Lakini hatukubakisha hata kamoja."

Zilpa alitembea hadi kwenye kichuguu. Aliokota fungu dogo lililonyauka, akalisugua kiganjani, akalipeleka puani. Harufu ya karoti ilikuwa bado imo.

Alipogeuka walikuwa wote wanamtazama, wamechoka, wanangoja. Alifunga kiganja.

"Mmefanya kazi," akasema. "Mungu awabariki. Hakuna wa kuondoka hapa bila kula."

Akachuma dodo lile, akalipika, akasonga ugali wa kutosha wote. Walikula, wakasimulia vichekesho vya Jaci, wakacheka wakifuta machozi. Zilpa aligawa sahani. Wakati wa kuaga, Beldina alimshika mkono: "Sasa hizo karoti zake zitatoka lini? Mistari hatujaikanyaga."

"Karoti huchelewa," Zilpa akasema.

Basi wakawa wanakuja kuangalia. Wanapita, wanang'oa kijani chochote kinachochungulia mstarini, wanatikisa kichwa. Muda ukaenda. Soko la Funyula likaanza kusema: mbegu ile ilikuwa mbovu, mtoto alidanganywa. Hilo Zilpa alilimeza. Kisha Dalmas, bila kufikiri, akamletea lingine pamoja na unga aliomtuma: "Wanasema mkono wa mgonjwa hauoteshi."

Hilo halikumezeka. Alimwita Beldina, peke yake, nyuma ya jiko.

"Zilitoka, Beldina."

"Nini?"

"Karoti. Zilitoka zote. Aliziona kwa macho yake, akanionyesha."

"Sasa ziko wa..." Beldina hakumaliza. Zilpa hakunyoosha kidole. Alitazama tu kule kwenye kichuguu. Beldina alifuata macho yake. Akaenda polepole, akapiga magoti, akaanza kuyapekua yale majani makavu kwa ncha za vidole. Yalivunjika kila alipogusa.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Mlikuwa mmekuja wote," Zilpa akasema. "Nyumba ilikuwa imejaa tena, na sikutaka ibaki tupu."

Beldina alilia hapo chini, mgongo ukitikisika. "Nitawaambia. Nitawaambia mkono wa mtoto uliziotesha, ni sisi tuli..."

"Waambie zilitoka. Hilo la pili liache."

Hakuna aliyejua kama Beldina angeweza kubeba nusu ya habari. Aliinuka, akaja kusimama kando ya Zilpa, wakatazama shamba. Dodo lilikuwa limerefuka hadi kiunoni, limeanza kumwaga mbegu, na upepo mdogo ulikuwa ukizipeleka juu ya mistari yote ya Jacinter.