Pindo la Shati la Wes Kinnunen

Marlys Kinnunen alikuwa akisugua sufuria iliyoshika viazi wakati kulungu alipofika uani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja jioni, na huko kaskazini mwa Michigan giza lilikuwa limeshaanza kushuka kwenye misonobari. Alikuwa dume mkubwa. Mshale wenye manyoya ya plastiki ya rangi ya chungwa ulikuwa umemwingia tumboni, nyuma mno, na nusu yake imebaki nje. Akasimama chini ya mtufaha, akamtazama Marlys. Baridi ilikuwa ya kugandisha mate, lakini puani mwa kulungu hamkutoka mvuke.

"Wes," Marlys akamwita mumewe, "mshale wako umerudi."

Wes akaja na gazeti mkononi, akachungulia. "Ya rangi hiyo iko mingi," akasema, akarudi kukaa.

Siku mbili kabla yake Wes alikuwa ametoka kwenye kambi ya uwindaji na shati lililokatwa pindo la nyuma. Ndivyo wafanyavyo wawindaji wa huko. Ukipiga mshale ukamkosa mnyama, wenzako wanakukamata, mmoja anakukalia mgongoni, mwingine anakata pindo la shati lako, wanaandika jina lako juu yake na kulipigilia ukutani, kisha mnacheka mpaka bia zinamwagika. Ukuta wa kambi ya akina Heikkila, watu wa kwao Marlys, ulikuwa na vitambaa vingi hivi kwamba mbao hazikuonekana tena.

Kulungu akawa anakuja kila jioni. Akiondoka huacha tone moja la damu kwenye theluji, na Marlys hulifunika kwa jivu la sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke. Theluji ikimwangukia mgongoni haiyeyuki. Mama wa posta alilalamika kwamba mnyama anaziba sanduku la barua, basi Wes akalihamisha sanduku. Majira yalipoanza kupata joto, Marlys alikuwa ameshazoea kutundika mfuko wa vibanio vya nguo kwenye ule mshale, kwa kuwa ulikuwa kwenye kimo kinachofaa.

Asichokizoea ni yale macho.

"Nimeosha vyombo kwenye dirisha hili tangu unioe," akamwambia Wes, "na sijawahi kuangaliwa namna hii, hata na wewe. Mlaze huyo mnyama. Asipolala kabla ya theluji ijayo, mimi nakwenda kwa dada yangu kule mjini Marquette, huyu nakuachia."

Wes alijua mkewe hatishii watu bure. Alikuwa fundi wa mitambo mpaka alipostaafu kazi ya kiwanda cha karatasi, na katika kazi yote hiyo hakuwahi kukutana na tatizo ambalo halikutokana na chombo. Basi akaukagua upinde wake. Ulikuwa upinde wa kapi, chuma na kamba zinazopita kwenye vigurudumu viwili, na kitundu cha kulengea ambamo ukichungulia huoni kingine duniani ila nywele unazotaka kuzipiga. Upinde wa namna hiyo humpa mtu kiburi. Mnyama yuko ng'ambo ya kijito, jua limezama, nawe unajiona umemshika sikio.

Akautundika bandani. Akaushusha upinde wa marehemu baba mkwe, mzee Heikkila: ubao mmoja na uzi mmoja, hauna kitundu wala kigurudumu.

Gordy, kaka yake Marlys, alipita kunywa kahawa akamkuta anahangaika nao mbele ya robota la majani makavu.

"Shemeji! Umerudi enzi za Nuhu? Bado kuvaa ngozi tu kiunoni."

"Ule wa kapi unanidanganya kwamba niko karibu," Wes akasema. "Huu lazima nimsogelee mpaka nihesabu kope."

"Utazihesabu, halafu utamkosa."

"Nikimkosa si mnakata shati?"

Gordy akacheka, akamtazama kulungu aliyekuwa chini ya mtufaha, akaacha kucheka, akauliza kama kahawa iko tayari.

Kiangazi chote Wes alifanya mazoezi. Uzi ulimchapa mkono mpaka ukawa na rangi ya zabibu. Vidole vilitoka malengelenge, malengelenge yakawa sugu. Mishale ya kwanza ilikwenda kwa jirani, ya baadaye kwenye robota, ya mwisho kwenye kifuniko cha chupa alichokibandika katikati ya robota. Jioni kulungu huja kutazama mazoezi, na mshale ukipotea majanini husimama pale ulipoangukia.

Majani ya mitufaha yalipoanza kupukutika, Wes aliona yuko tayari. Akamsogelea hatua kumi, akavuta, akaachia. Mshale wa mbao wenye manyoya ya bata mzinga ukaingia nyuma ya bega, mahali hasa ambapo mshale unapaswa kuingia. Haujapata kupigwa mshale mzuri kuliko ule katika wilaya nzima. Kulungu akageuza shingo, akautazama kama mtu anayetazama inzi, akaondoka kwa mwendo wake wa kila siku. Kesho yake akaja na mishale miwili.

"Sikukwambia umpige," Marlys akasema akifuta sahani. "Nilikwambia umlaze. Hivi shati lako walilikata kwa nini?"

"Kwa sababu nilimkosa."

"Ulimkosa?"

Wes akachukua funguo za pikapu.

Alifika kambini jua likizama, akaona asichokuwa amekiona miaka yote, pengine kwa sababu alikuwa akitazama kupitia kile kitundu. Msitu ulikuwa umejaa kulungu. Walisimama katikati ya miti mpaka kwenye njia ya choo, kila mmoja na mshale wake. Mmoja wa wenzake alitoka kujisaidia, akampisha dume wa kwanza, akatundika taa yake kwenye mshale wa wa pili. Wes akapita akiwatazama. Wa mbele walikuwa na mishale ya rangi kali za kisasa. Wale wakongwe, waliosimama nyuma kabisa, walikuwa na mishale ya mbao yenye manyoya ya bata mzinga, na kwenye uti wa kila mmoja mistari miwili ya bluu. Hiyo ilikuwa alama ya mzee Heikkila.

Ndani watu walikuwa wanacheza karata na kula pasti, ile mikate ya kukunja yenye nyama na viazi. Wes akasimama mlangoni.

"Mwaka jana sikumkosa," akasema. "Nilimpiga tumboni. Nilifuata damu mpaka kijitoni, mvua ikaanza, nikasikia njaa, nikarudi kula. Nikawaambia nimekosa."

Hakuna aliyeinua macho kwenye karata zake. Wes akautazama ukuta, akasoma majina. Waliokuwa mezani wote walikuwemo. Jina la mzee Heikkila lilikuwemo mara nyingi kuliko yote.

"Kosa lako ni kumfuata, shemeji," Gordy akasema kwa upole. "Ukimfuata kisha ukamwacha njiani, anajifunza njia ya kwenu. Sisi hatuwafuati hata hatua moja. Ndiyo maana wanabaki hapa."

"Lakini nilimpiga, Gordy."

"Ulimkosa." Gordy akavuta droo, akatoa mkasi. "Na sasa umekosa tena. Geuka."

Wakamkalia mgongoni, wakakata, wakacheka mpaka bia zikamwagika.

Asubuhi Marlys alimkuta jikoni, upepo ukimwingia kiunoni.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Kwamba nilimkosa."

Marlys akaenda kuleta kikapu cha sindano. Akamvua Wes shati, akalishonea kiraka cha nyuma kwa mshono mdogo mdogo ambao mama yake alimfundisha, ule ule ambao mama huyo aliutumia kwenye mashati yote ya mzee Heikkila. Akalifua. Jioni, kwa kuwa kamba ilikuwa imejaa, akalianika kwenye mshale wa mbao, ambao ulikuwa umenyooka zaidi. Kisha akaingia ndani kumalizia kufunga begi.

Theluji ya kwanza ilianguka siku aliyofika Marquette.

Siku hizi anayeosha vyombo kwenye dirisha lile ni Wes.