Kasi Niliyoongeza kwa Siri

Moshi wa majaribio ulitakiwa kushuka wima, upite juu ya meza, uingie kwenye matundu yaliyo chini ya ukuta na kupotea. Haukufanya hivyo. Ulifika mezani, ukagonga, ukajikunja kama paka anayetafuta pa kulala, kisha ukaanza kupanda tena juu, taratibu, bila haya, mbele ya macho ya mkaguzi.

"Hm," alisema mkaguzi.

Tangu asubuhi hakuwa amesema neno jingine, na kila alipolisema aliandika kitu. Akaandika. Mashine yake ya kuhesabu chembe za vumbi ikatema karatasi nyembamba, naye akaisoma, akaikunja mara mbili.

Upande wa pili wa meza alisimama wifi yangu, mke wa kaka yangu, mfamasia mkuu wa hospitali. Alikuwa amefunikwa vazi jeupe toka utosini hadi unyayoni, yamebaki macho tu. Yalinitazama mimi. Hayakuuliza kama chumba kimefeli. Hilo lilikuwa wazi. Yaliuliza: wifi, umenifanya nini?

Miaka kumi na minne imepita, na bado nikiona moshi wa namna yoyote natazama kwanza unaelekea wapi.

Mimi nilikuwa fundi feni. Kwa miaka tisa nilikaa kwenye kibanda karibu na soko, nazungushia mota nyaya, nabadilisha beringi, nasikiliza feni za watu zikikohoa. Wifi alipoolewa kwetu alinikuta hivyo, na utani ukaanza siku hiyo hiyo. Aliniita daktari wa upepo. Mimi nilimwita muuza vidonge. Kumbe alikuwa ananisoma. Siku moja alikuja kibandani, akasimama mbele ya feni mbovu tatu, akasema:

"Wifi, acha utani. Tunajenga chumba cha kuchanganyia lishe ya watoto njiti. Ile inayopita kwenye mshipa. Nahitaji mtu anayejua upepo."

Watoto njiti wa hospitali ile, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, walikuwa wakiletewa mifuko ya lishe kutoka mji mwingine, mara mbili kwa wiki, ndani ya sanduku la barafu. Gari likiharibika njiani, wauguzi walibaki wakitazama saa. Kuichanganya hapo hapo hakukuwa kazi ngumu. Wifi aliijua vizuri. Kilichokosekana ni hewa. Mtoto wa kilo moja na robo hana ngao yoyote. Chembe moja ya vumbi iliyobeba kijidudu, ikidondoka ndani ya mfuko, inatosha.

Nikaajiriwa chini ya mhandisi wa hospitali, mtu mnene, msafi, aliyepiga pasi hata ovaroli. Kabla sijazoea ngazi zake tukagombana kuhusu mashine.

Yeye alitaka mtambo mmoja mkubwa juu ya paa, usukume hewa iliyochujwa chumba kizima kupitia mabomba. Mimi nilitaka visanduku sita vya kupachika darini, kila kimoja na feni yake na kichujio chake, kinachobadilishwa toka ndani ya chumba, bila kupanda paani.

"Sita!" alisema mhandisi. "Unataka kuoa wake sita, fundi? Nani atawatunza?"

"Mzee, huyo mke wako mmoja wa juu ya paa akiugua, nyumba nzima inalala njaa. Wangu akiugua mmoja, watano wanapika."

Kikao kizima kilicheka, hata yeye. Alivuta karatasi, akahesabu kwa kalamu, akagundua kwamba mtambo wake ungehitaji kusubiriwa miezi minane na paa livunjwe. Akaweka kalamu chini.

"Haya. Chagua wewe, kwa sababu ngazi utapanda wewe."

Ndivyo nilivyopata visanduku sita vya upepo vya kulea. Niliwaonyesha wafanyakazi wote namna ya kushika kichujio: kwa fremu, kamwe si kwa uso, maana uso wake ni kama karatasi iliyokunjwa mikunjo mamia, na kidole kimoja cha udadisi kinatoboa kazi ya kiwanda kizima. Nilikagua mpira wa kuzibia pembeni, inchi kwa inchi. Mbele ya kila kichujio niliweka sponji ya kukamata vumbi kubwa, nikabandika ukutani ratiba ya kuibadilisha. Wifi naye alipiga marufuku poda, wanja, kucha ndefu na mafuta ya kung'aa. Siku ya kwanza kumwona bila wanja nilimwuliza kama anaumwa, akanitupia glovu.

Raha ilinipa kichwa. Mchana wa kuamkia ukaguzi nilibaki peke yangu mle ndani. Kitabu cha maelekezo kilisema upepo ushuke karibu nusu mita kwa sekunde. Nikaweka kiganja chini ya kisanduku cha kwanza. Pumzi ya mtoto aliyelala! Katika miaka tisa ya kibandani sikuwahi kumwona mteja akirudi kulalamika kwamba feni yake inapuliza sana. Nikachukua bisibisi, nikapanda ngazi, nikaongeza kasi. Vyote sita. Nilijiambia, upepo mwingi, usafi mwingi. Sikumwambia mtu, nilitaka siku ya pili washangae.

Wakashangaa kweli.

"Mkaguzi," mhandisi alianza, tulipotoka hadi chumba cha kubadilishia nguo, "mimi nilikuwa na shaka na hivi visanduku toka mwanzo. Tuving'oe tu, tuagize mtambo mkubwa."

Wifi alivua barakoa. Nilijua anahesabu: miezi minane, mara mbili kwa wiki, sanduku la barafu, barabara. Na nilijua jingine ambalo watu walikuwa wakilinong'ona kwenye korido, kwamba mfamasia kaleta wifi yake hospitalini. Nikinyamaza, lawama ingebebwa na visanduku, na visanduku havina mdomo. Nikisema, ningemwangusha aliyenishika mkono.

Nikasogea mbele ya mkaguzi.

"Vifaa havina kosa. Kosa ni langu. Jana niliongeza kasi, bila kumwuliza mtu. Upepo unagonga meza kwa nguvu na kurudi juu na vumbi lake. Nimeuona kwenye moshi."

Wifi alifumba macho. Mkaguzi alinitazama kama mtu aliyepewa chenji asiyoitarajia.

"Uliongeza hadi wapi?"

"Sifahamu. Sikupima. Nilitumia kiganja."

"Hm," alisema. Safari hii hakuandika. "Kiganja si kipimo, binti. Unahitaji muda gani?"

"Saa tatu, na chumba kipanguswe upya."

"Nitakunywa chai. Nakunywa polepole."

Nilitafuta ngazi, nikaikuta imeshikwa. Mhandisi alikuwa ameshavaa vazi jeupe, limembana tumboni, na mkononi ana kipimo cha kasi ya upepo.

"Panda," aliniambia. "Mimi nasoma, wewe unazungusha. Na usithubutu kutumia kiganja."

Tulifanya kazi kama watu wawili wanaoshona nguo moja. Yeye anasema "punguza," mimi napunguza. "Umepitiliza, rudi kidogo," narudi. Kisanduku cha nne kilikuwa kikaidi. Tulikibembeleza nusu saa nzima. Wifi alipangusa kuta, meza, hata miguu ya meza, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Kisha tukatoka sote, tukaliacha vumbi tulilolitimua wenyewe lichujwe.

Mkaguzi alirudi. Akawasha kifimbo chake cha moshi, akakiinua chini ya dari.

Moshi ukashuka.

Ulishuka kama pazia linaloachiwa na mtu mpole, sawasawa, bila mkunjo hata mmoja. Ukafika mezani, ukagawanyika huku na huku, ukateleza ukingoni na kuingia kwenye matundu ya chini. Akajaribu pembe ya pili, ya tatu, akapita chini ya kisanduku kikaidi. Pazia lile lile. Mashine ikatema karatasi. Akaisoma kuanzia juu hadi chini, kisha, Mungu ni shahidi yangu, akatabasamu. Tuliona macho yakijikunja juu ya barakoa.

"Safi," alisema.

Mhandisi alipiga kelele ya furaha akakumbuka alipo, akaimeza nusu. Mimi niliikumbatia ngazi. Wifi machozi yalimtoka, na asingeweza kujigusa uso kwa glovu zile, basi akasimama mikono ameinyoosha mbali na mwili kama kuku anayekausha mabawa, analia na kucheka, huku barakoa ikilowa. Tukacheka mpaka mkaguzi akatutoa nje: tulikuwa tunachafua hewa.

Nje, wifi alinikamata bega.

"Ungeninyamazia, wifi, nisingekusamehe."

"Na kwa kuongeza kasi?"

"Kwa hilo utanifulia sare mwezi mzima." Nikamfulia kweli, mwezi mzima, na kila Jumamosi alizikagua kola.

Kazi ilianza Jumatatu. Wifi alichanganya, msaidizi wake akasoma vipimo kwa sauti, mimi nikasimama pembeni na kipimo changu, sina la kufanya ila kusikiliza feni sita zikinong'ona. Kufikia saa nne mifuko kumi na moja ilikuwa tayari, ya rangi ya maziwa, kila mmoja na lebo ya mtoto wake. Watoto wengi walikuwa hawajapewa majina. Lebo zilisema "mtoto wa" na jina la mama. Tuliipitisha kwenye kidirisha. Muuguzi wa wodi aliipokea, akasoma lebo moja moja, midomo ikicheza, akaipanga kwenye trei. Hakutuaga. Aliondoka kwa ile hatua ya wauguzi isiyo kutembea wala kukimbia, na tukasikia viatu vyake vikipungua sauti kwenye korido, mpaka mlango wa wodi ukafunguka, ukajifunga.

Wifi alibaki akiutazama mlango. Kisha akageuka, akavuta karatasi ya maagizo.

"Haya," alisema. "Kesho wapo kumi na watatu."