Mashine Imejiondoa Yenyewe

1.
— Imekata tena! Toa hilo dudu lako, rudisha la zamani.
— Linux haina kosa, Baba.
— Kwa hiyo kosa langu?
— Nimesema hivyo?
— Shule yenyewe uliikimbia, leo unataka kuni

2.
Wanaogombana ni Mzee Komba na kijana wake Osmund, kwao Mbinga. Aliyekatikiwa simu ya video ni Oresta, dada mtu, yuko Ujerumani anasomea unesi. Mama alipozikwa, Oresta hakuwepo. Kila Jumapili anapiga, wanaonana kwenye kioo cha kompyuta, halafu

3.
Osmund si mtu wa kutulia. Ndiye aliyeuweka huo mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya mzee. Kaitoa ruta kabatini, kaivua kitambaa cha kufuma alichoifunikia marehemu mama. Kaizuia kadi ya waifai isisinzie kuokoa chaji. Kasasisha mfumo mzima. Katukana.

Ikakata.

4.
Wewe unayesoma, sikiliza vizuri.
"Baba, mvua huko?" Haikukata.
"Baba, umekula?" Haikukata.
"Baba, Mama aliniulizia?"



5.
TAARIFA YA MASHINE
Kadi ya waifai ni nzima. Mawimbi yanatosha. Ruta haijamfukuza yeyote. Kompyuta imejiondoa yenyewe mtandaoni. Chanzo: waifai imezimwa kwa kitufe.

Kitufe.

6.
Jumapili iliyofuata Osmund akakaa mlangoni, anajifanya kumenya muhogo. Oresta akauliza lile lile. Mzee akacheka kidogo. Kidevu kikaanza kumcheza. Kidole kikatambaa taratibu hadi pembeni mwa vitufe, kikabonyeza. Kisha akakivuta kile kitambaa cha kufuma, akajifunika uso.

Muhogo ukamponyoka Osmund.

7.
— Limekata dudu lako.
— Eeh, Baba. Limekata.
Mzee akakishusha kitambaa usoni.
— Umeniona?
— Nimekuona.
— Mama yenu alimwita mpaka mwisho, Osmund. Oresta, Oresta. Namwambiaje mtoto maneno hayo bila kulia mbele yake?
— Lia. Mwenzio analia peke yake kule, hana hata wa kumwambia pole.

8.
Osmund akaiwasha waifai. Akaandika mstari mmoja, akaisogeza kompyuta magotini kwa mzee.
— Hiyo amri inakiua hicho kitufe, hakitakata tena. Ukitaka, bonyeza Enter. Hutaki, acha. Mimi sikulazimishi.
— Enter ndiyo ipi?
— Hii kubwa.

Kompyuta ikaanza kuita. Oresta.

Kidole cha mzee kikabaki hewani.

Osmund akaokota muhogo wake, akageuka, akaenda zake jikoni.