Inchi Tatu za Baba Tunu

Usiku wa kuamkia leo niliota paa la gari limenijia jikoni kuomba ruhusa ya kukatwa.

Liliingia kwa ubavu, kama watu wanavyopitisha kabati mlangoni. Mimi nachambua mchele.

"Hodi," likasema, likiwa limeshaingia.

"Karibu. Usiegemee ukuta, umepakwa rangi juzi."

Kabla sijaendelea nieleze mambo yalivyo mtu akiwa macho, maana bila hayo ndoto haina kichwa wala miguu. Uani kwetu, hapa Morogoro, lipo gari aina ya Pijo la mwaka sitini na moja. Marehemu mume wangu, Kibwana, alilikuta Kilosa limegeuzwa banda la kuku, akalileta nyumbani kwa lori. Alitaka kulishusha paa. Wapenda magari ya kale wanaijua kazi hiyo: unakata nguzo zinazoshika paa, unatoa kipande, unalirudisha paa juu ya kilichobaki na kuchomelea. Gari linakaa chini chini kama paka anayevizia. Kibwana alichora mistari miwili ya rangi nyeupe kwenye kila nguzo, umbali wa inchi tatu kati ya mstari na mstari. Wiki sita baadaye akafa.

Binti yetu Tunu amesomea kunyoosha bodi na kuchomelea. Mwaka mzima ananiomba aimalize kazi ya baba yake, na mwaka mzima namwambia asubiri. Sababu sijamwambia. Kibwana alikuwa na futi sita na inchi mbili. Akikaa kwenye usukani, utosi wake uligusa kitambaa cha dari, na pale pamebaki duara jeusi kama kitako cha sufuria. Vitu vyake vingine niligawa. Siku ya kuanua matanga nilipanga nguo, viatu, saa, hadi chanuo, nikamaliza kabla ya adhuhuri. Watu wakanisifu kwamba nina moyo mkubwa. Sikujibakizia hata leso. Kwa hiyo duara lile, na ile hewa iliyo chini yake, ndivyo nilivyobaki navyo. Grinda ya kukatia chuma ikipita, pale kilipokuwa kichwa chake hapatakuwepo tena.

Jana jioni Tunu alisema, "Mama, kesho asubuhi nakuja na grinda. Ukikataa na kesho, sitauliza tena, nitakwambia uliuze."

Nikamwambia, "Njoo." Nikaenda kulala bila kula.

Turudi jikoni. Paa linasubiri jibu. Namwaga maji ya mchele nikitafuta la kusema, na tepu ya kupimia inachomoa ulimi wake wa njano kutoka mfuko wa aproni yangu.

"Hakuna ruhusa hapa," inasema tepu. "Sheria ni moja. Kichwa cha mwenye gari kipimwe kwanza, ndipo chuma kikatwe."

"Mwenye gari amefariki," nasema.

"Hilo halimo kwenye sheria."

"Na wewe una ukubwa gani wa kuniletea sheria jikoni kwangu?"

"Mita tano," inasema tepu. "Vaa viatu, tunamfuata."

Nafungua mlango wa jikoni na nje ni barabara kuu. Nimo ndani ya Pijo na linakwenda. Paa limekaa kiti cha nyuma kama abiria, upepo unatupiga utosini. Naendesha nikiwa kwenye kiti cha abiria, kwa sababu kwenye gari lile sijawahi kukaa kingine. Usukani nauona kwa mbali upande wa kulia. Nikitaka kukata kona nauomba.

"Kushoto, tafadhali."

"Ungesema mapema," unalalamika usukani, lakini unakata.

Tunafika mizani. Ofisa wa zamu ni kuku mwekundu aliyevaa kizibao cha kung'aa. Ananizunguka mara mbili na kuchungulia ndani.

"Kwenye kiti hiki cha nyuma nimezaliwa mimi," anasema. "Mmelitoa sponji?"

"Tulilitoa. Lilikuwa linanuka."

"Lilikuwa linanuka nyumbani," anasema kuku. Anaangalia mzani wake. "Mama, umezidisha abiria."

"Niko mwenyewe na hili paa."

"Mbele kulia kuna kilo themanini na mbili."

Natazama kiti cha dereva. Hakuna mtu. Ila kiti chenyewe kimebonyea, kimebonyea vile vile kilivyokuwa kikibonyea, zaidi upande wa mlangoni, kwa sababu Kibwana alikuwa akiegemea dirishani kama mtu anayesikiliza umbea wa barabara. Nanyoosha mkono. Nashika hewa.

"Uzito huo unaruhusiwa?" namuuliza kuku.

"Unaruhusiwa. Marufuku ni kuushusha njiani." Ananigongea muhuri kwenye kiganja. "Nenda. Na uwashe taa, kuna ukungu nyumbani kwako."

Nafika nyumbani na ni kweli kuna ukungu, na chini ya ukungu pametundikwa turubai, watu wamekaa mikekani. Ni siku ya kuanua matanga tena. Katikati kuna sinia, na kwenye sinia zimepangwa inchi tatu zilizotoka kwenye gari, zinang'aa na kutikisika kidogo kama halua. Wifi yangu Sijali, dada wa Kibwana, ameshika kisu.

"Umechelewa, wifi," anasema. "Tunagawa."

"Hazijakatwa bado. Mnagawaje?"

"Zitakatwa. Kazi ya mtu mzima ni kujipanga. Si wewe uliyetufundisha?"

Shemeji Mwinyimvua, mdogo wake Kibwana, anainua kidole. "Mimi nipewe moja niongezee juu ya mlango wangu. Kila siku najigonga paji la uso."

"Ungeinama, shemeji," namwambia.

"Nimeinama miaka arobaini na tatu. Nimechoka."

Wifi Sijali anaweka kisu juu ya inchi ya kwanza. Nakishika kwa mkono, upande wa makali. Hakikati. Kinanitazama tu kwa aibu.

"Hizi hapana," nasema.

"Wifi, mwaka jana ulitugawia mpaka chanuo. Nilikuuliza mbele ya watu hawa: hutaki hata hili? Ukasema, chukueni, sina pa kuviweka."

"Nilisema."

"Basi."

"Chanuo lina nywele zake mbili," nasema. Sikujua kama nalijua jambo hilo.

"Tatu," anasema Wifi Sijali, na sauti yake imeshuka. "Nazitazama kila Ijumaa."

Nataka kumwambia anirudishie, hata moja, lakini mdomo wangu umejaa mchele mbichi na inabidi niutafune kwanza. Nikimaliza kutafuna, tepu imeshakasirika.

"Hakuna kugawa kabla ya kupima!" inasema. "Nimeleta shahidi na uzito wake. Kila mtu arudi garini."

Garini narudi mimi peke yangu. Gari liko uani, paa liko juu yake, duara jeusi liko mahali pake. Naipima hewa iliyo chini ya duara kwa jicho, kama ninavyofanya kila nikienda kufagia mle ndani.

"Usipime kwa macho," inasema tepu. "Sheria ya pili."

"Nipime kwa nini sasa?"

"Fumba."

Nafumba. Nanyoosha mkono kulia, na safari hii kuna sikio. Halafu shavu lisilonyolewa. Halafu kichwa kizima, kimebanwa na dari, kimeinama kidogo kunielekea.

"Umekonda, Mama Tunu," anasema Kibwana.

"Wewe umekufa, usinisemeshe habari za kukonda."

Anacheka. Nasikia dari ikisuguliwa na kicheko chake. Sifumbui macho. Naijua sheria, nikifumbua atakuwa kilo tu.

"Tulia upimwe," namwambia. "Mwanao anakuja na grinda."

Tepu inampanda toka kitini hadi utosini, inahema. "Futi sita na inchi mbili. Haingii. Paa likishuka inchi tatu, mtu huyu haingii kwenye gari hili."

"Nilijua," nasema. "Ndiyo maana sitaki. Alichora vibaya."

"Sikuchora vibaya," anasema Kibwana.

"Ulijikata kichwa chako mwenyewe! Fundi gani anasahau kichwa chake?"

Tepu inakohoa. "Mistari hii haikupimwa kwa kichwa hiki. Imepimwa kwa mtu wa futi tano kasoro inchi moja."

Nyumba nzima, mtaa mzima, yupo mmoja tu wa urefu huo, na ndiye aliyefumba macho. Nakumbuka Jumapili moja Kibwana aliniita garini kutoka kwenye kamba ya nguo nikiwa na mikono inayochuruzika sabuni. Kaa hapo kidogo, alisema. Nikakaa. Akaweka kiganja bapa kati ya utosi wangu na dari, akahesabu vidole, akasema sawa, nenda. Nikamwambia ananipotezea muda.

"Ulikuwa unajua," nasema.

"Nilikuwa nimeshaambiwa."

"Na hukusema."

"Ungefanya nini?"

"Ningekubeba hadi Dar es Salaam. Ningekupeleka kwa daktari wa pili. Wa tatu. Ningekukalisha kwenye mabenchi mpaka wakupe jibu jingine."

"Ndiyo hivyo," anasema. "Mimi nilitaka Jumamosi zangu, Mama Tunu. Nikae hapa na rangi yangu, wewe unipigie kelele ukiwa jikoni. Nilizipata sita."

Nataka kumpiga. Namshika sikio badala yake. Lina joto.

"Sasa gari la mtu mfupi nitalifanyia nini? Sijui hata kuendesha."

"Utajifunza. Umeshajifunza mambo mabaya kuliko hilo."

Kisha nguzo zinajikata zenyewe, taratibu, moja baada ya nyingine, zikisema "samahani" kila moja kwa zamu yake. Paa linashuka. Nasikia likipita pale alipo, na mkono wangu unabaki umeshika sikio, halafu joto la sikio, halafu mkono wangu.

Paa linatua na kuanza kulia. "Sifiki! Sikigusi kioo cha mbele!"

Tepu inapima. "Nguzo zilikuwa zimelala. Ukizifupisha, paa linapungukiwa mbele. Sheria ya tatu: kilichotoka kwenye kimo kirudi kwenye urefu. Tunahitaji inchi tatu."

"Zichukueni kwenye sinia."

"Hizo zimeshaliwa," inasema tepu.

Nafumbua macho. Gari limo chumbani kwangu, bampa yake inagusa meza ya kujipambia. Tepu inatambaa juu ya kitanda, toka ukingo mmoja hadi mwingine, na kusimama katikati.

"Upande huu analala nani?"

"Hakuna."

"Na wewe unalala wapi?"

Naonyesha ukingoni, karibu na ukuta, mahali pembamba kama pa mtoto aliyeadhibiwa.

"Na huku kote?"

Ni swali la kijinga. Kila mtu anajua huku ni kwa nani.

"Toa, Mama Tunu," inasema sauti ya Kibwana, na siijui inatoka wapi, labda kwenye kioo cha mbele.

"Leo mtataka tatu, kesho sita. Nawajua mafundi."

"Tatu tu. Paa limekaa wazi, mvua ikija itamnyeshea mtoto."

Namfikiria Tunu akiwa ndani ya gari lisilofungika, anashika usukani kwa mikono miwili, maji yanamwingia machoni, na bado anasema hakuna shida, Mama. Ndivyo alivyo. Mwaka mzima amesema hakuna shida, Mama.

"Kateni," nasema.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshakucha. Nilikuwa nimelala katikati ya kitanda, kwa mara ya kwanza tangu msiba, mikono imetanda kama nguo iliyoanikwa. Nje lango lilikuwa linagongwa, na Tunu anaita, "Mama! Umeamka? Waya wa umeme nichomeke wapi?"

"Nakuja!"

Mimi si mtu wa ndoto. Niliinuka kutandika kama kila siku. Nikavuta shuka upande wa Kibwana, na shuka likazidi, likaning'inia. Nikainama. Kati ya godoro na ubao wa kitanda, upande ule tu, palikuwa na nafasi, na mbao za chaga zimeonekana, nyeupe, hazijawahi kupata vumbi. Godoro hili lilinunuliwa futi tano kwa sita, na kwa miaka kumi na minne limejaa kitandani hata kidole hakipiti.

Nilichukua tepu nikapima upana wake. Futi nne na inchi tisa.

Nikapima tena. Kisha nikachomekea lile shuka lililozidi, nikalinyoosha vizuri, nikaenda kumfungulia mwanangu lango.

"Anza," nikamwambia.